Leza inapozaje kitu, na "inaonaje" chini ya ardhi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchimba visima. Mwanangu yuko chuo, kaniambia Uingereza wana mashine inayopoza atomu kwa leza, halafu inaona mashimo ardhini. Leza ninayoijua mimi inakata chuma. Itapozaje kitu? Na mashine hiyo ingenifaa kutafuta maji?
Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba, fundi. Joto ni mwendo wa atomu. Ukizipunguza kasi, umezipoza. Atomu za rubidi, aina ya metali, katika chumba cha kawaida hukimbia karibu mita 300 kwa sekunde. Wataalamu huzimulika kwa leza kila upande, masafa yake (idadi ya mawimbi ya mwanga kwa sekunde) yakiwa chini kidogo ya yale zinayoyanyonya. Atomu ikiukimbilia mwale, kwake masafa hupanda, kama king'ora cha ambulansi inayokujia. Hapo hunyonya mwanga na kusukumwa nyuma. Misukumo ikirudiwa maelfu kwa maelfu, joto lake halifiki hata sehemu moja ya elfu ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi isiyoweza kushuka zaidi. Kazi hii iliwapa Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Sasa, ile mashine ya Chuo Kikuu cha Birmingham haioni, inapima mvutano wa dunia. Atomu zilizokwisha kupozwa huachiwa zianguke ndani ya bomba lisilo na hewa, leza zikifuatilia mwendo wake. Penye tundu ardhini, mvutano hupungua kidogo mno. Shida ni mtikisiko: gari likipita, kipimo kimeharibika. Walichofanya nakipenda sana. Waliweka mafungu mawili ya atomu, moja mita 1 juu ya jingine, yote yakisomwa na leza ileile. Mtikisiko huyapata sawasawa, kwa hiyo ukitoa kipimo kimoja katika kingine, unajifuta wenyewe. Mwaka 2022 walitangaza kwamba wamelibaini handaki la mita 2 kwa 2 lililofukiwa nje, hapohapo chuoni.

 

Ila maji yako, fundi, hayakai kwenye handaki. Yamejificha katika nyufa za mwamba, na alama yake kwenye mvutano ni hafifu kuliko ya tundu tupu. Endelea na kipimo cha ukinzani wa umeme ardhini, na atakayekuja kukuuzia "mashine ya kwanta" (ndivyo ziitwavyo mashine za atomu kama hii) ya kutafuta maji, usimpe hata shilingi.