Dula wa Dar, mama mkwe wa Tukuyu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Uyole, ni mjamzito wa miezi saba, uzao wa kwanza. Mtandaoni nimempata dula, yule mama wa kulipwa anayekaa na mzazi tangu uchungu unapoanza hadi mtoto anatoka. Yuko Dar, atapanda basi uchungu ukianza, na ameniahidi nitajifungua kawaida bila kisu. Anataka laki nne, nimeshatanguliza mbili nilizokopa kikoba. Mume wangu amenuna, anasema mama yake yupo. Kweli mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu mwezi uliopita, amejaza ndizi jikoni, na kila jioni anajipa kazi ya kunikanda kiuno bila kuombwa. Ameleta na chupa ya dawa ya miti ya kuharakisha uchungu. Mume ni bahili, halafu mtoto wa mama. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Uzao wa kwanza unatisha, na kwa hofu hiyo sikulaumu. Pole. Sasa tuongee.

Unalalamika kwamba mama mkwe anakukanda kiuno kila jioni. Hebu niambie, hiyo laki nne unamlipa dula afanye nini? Dula hapimi njia, hachomi sindano, hakati kitovu. Hizo ni kazi za mkunga. Yeye anakaa na wewe, anakukanda kiuno, anakunywesha maji, anakwambia pumua, inuka utembee kidogo, lalia ubavu, na habanduki. Huyo mama ameianza kazi hiyo zaidi ya miezi miwili kabla ya leba, kwa nauli yake na mikungu yake ya ndizi, nawe unaona kero. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi dula ni upuuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limesema kila mzazi awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Na tafiti 26 zilizounganishwa mwaka 2017, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilionyesha kuwa wasioachwa peke yao walijifungua kawaida zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Aliyekaa nao pengine alikuwa nesi, pengine dula, pengine ndugu. Cha maana alikuwepo.

Alikuwepo! Wako yuko Dar. Uchungu ukikushika saa nane usiku, yeye anatafuta tiketi. Ni zaidi ya kilomita 800, na lori likilala mlima Kitonga njiani, atakaa hapo anakutumia ujumbe wa "jikaze dada". Au utamkatia ndege ya Songwe kwa pesa za kikoba? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Halafu hiyo ahadi ya bila kisu ndiyo iliyonitoa imani naye kabisa. Mtoto akichoka au akikaa vibaya, anayeamua ni daktari, na dula mkweli hukwambia hivyo siku ya kwanza. Ukimtaka dula, mtafute wa hapo hapo Mbeya, umuulize ameshakaa na wazazi wangapi katika hospitali utakayojifungulia, na akiugua nani atashika nafasi yake. Akianza kuahidi, aga uondoke.

Kwenye ile chupa ya miti sasa simtetei mama mkwe. Usionje hata kijiko. Dawa hizo hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika, mtoto anakosa hewa, mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Lakini usimkabili wewe, utaonekana una dharau. Kliniki ijayo nenda naye, mumeo awasindikize. Muulize nesi mbele yake kuhusu dawa za miti, na kama leba wanaruhusu msindikizaji, mmoja au zaidi, mwanamke tu au hata mume, maana wodi nyingi kinachotenganisha vitanda ni pazia. Nesi awatajie wote watatu dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza, chupa ya uzazi kuvunjika kabla ya wakati. Mama aliyezaa na kulea akishayasikia hayo, atakuwa wa kwanza kuita bajaji.

Baada ya hapo, kama moyo bado unakataa kuwa naye leba, sema. Mwili ni wako, mchukue dada yako au mama yako mzazi. Ila usiniambie sababu ni "wa kijijini".

Kuhusu ubahili wa mumeo, sikuuona popote kwenye barua. Nilichoona ni laki mbili zilizotoka kikoba, na hukuandika kwamba mlikaa mkakubaliana. Ndoa za siku hizi! Rangi ya nguo za kupokelea mtoto mnaichagua pamoja wiki tatu, lakini deni kila mtu analificha kwenye simu yake yenye namba ya siri. Mwanaume akisikia habari za marejesho ya mkewe kwa watu wa nje, nawe unashangaa amenuna!

Huyo wa Dar mwandikie leo akurudishie chako. Akikata kidogo, kubali, usigombane na mimba hiyo. Na mumeo mwambie lile deni usiku huu, mkishakula, kabla ya kikao kijacho cha kikoba.