Mwavuli wa mvua, utando wa ukungu

Msomaji anayetafsiri maelezo ya miwani ya kazi ameuliza hivi: "Tabaka lile jembamba la polima linalopakwa kwenye kioo ili kisishike ukungu niliite 'mipako dhidi ya ukungu' au 'mipako ya kufukuza maji'? Wenzangu ofisini wamegawanyika."

Si hili wala si lile. Andika "utando wa kuzuia ukungu", na ukitaka kutaja malighafi, "utando wa polima wa kuzuia ukungu" (polima ni kemikali ya molekuli ndefu kama mnyororo, jamii ya plastiki).

Sasa nije kwenye "dhidi ya", maana linanikera siku nyingi. Neno lenyewe halina hatia. Limetoka Kiarabu, likapewa kazi yake kwetu: kukutanisha pande mbili zinazokabiliana. Kesi dhidi ya mshtakiwa, mechi ya timu hii dhidi ya ile. Hapo halina mpinzani. Kosa ni kulibandika kila mfasiri anapokutana na kiambishi cha kigeni cha kupinga. Chanjo dhidi ya surua. Dawa dhidi ya minyoo. Krimu dhidi ya jua. Mzazi gani huaga nyumbani akisema anampeleka mtoto kupata chanjo dhidi ya surua? Anampeleka kuchanjwa surua, basi. Dawa ya meno huyatunza meno, dawa ya kikohozi hukituliza kikohozi, dawa ya mbu huwaua mbu, wala hajatokea mtu aliyewapulizia mbu dawa akidhani anawatibu. Silabi moja, "ya", inabeba kazi zote hizo bila kulalamika, nasi tunaipa likizo ili tuandike kama taarifa ya vita. Mwavuli ni wa mvua. Chandarua ni cha mbu. Ole wake atakayeniandikia "chandarua dhidi ya mbu"!

Mbona basi nisiseme "dawa ya ukungu", yakaisha? Kwa sababu ukungu ni wa aina mbili. Mkate huota ukungu, na ukuta wenye unyevu vilevile. Anayesoma "dawa ya ukungu" atakwenda kuipaka ukutani. Kitenzi "kuzuia" kinapunguza utata huo. Kioo, kwa upande wake, hakioti ukungu: hushika ukungu, au ukungu hutanda juu yake, kama ulivyotanda tarehe 5 Juni 1966 kwenye kioo cha kofia ya mwanaanga Eugene Cernan alipokuwa nje ya chombo cha Gemini 9A, hata akashindwa kuona vizuri na kazi yake ya nje ikakatizwa.

"Kufukuza maji" ni kubaya zaidi, kwa kuwa ni uongo. Mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka matone madogo mno, na kila tone hutawanya mwanga; huo ndio ukungu. Utando tunaouzungumzia hauyafukuzi matone hayo. Polima zake, kwa mfano polivinili alkoholi, hupenda maji. Tone likitua hulala na kusambaa, likaungana na jirani zake kuwa ngozi moja nyembamba ya maji ambayo mwanga huipenya bila kutawanyika. Polima nyingine huyanywa maji mpaka zishibe. Kinachofukuza maji hufanya kinyume: tone hujikunja kuwa duara na kusimama juu ya kioo kwa pembe inayozidi nyuzi 90. Kwa mvua inayoteleza ni sawa. Kwa pumzi ya fundi aliyevaa miwani, matone yatabaki palepale na haoni kitu. Ukiandika hivyo, umemuuzia bidhaa nyingine.

Ndiyo sababu nachagua "utando" kuliko "mipako". Neno hilo linatokana na kutanda, na kutanda ndiko maji yanakofanya pale juu. "Mipako" nitaivumilia, wachoraji na wapaka rangi wameshaizoea. "Dhidi ya" sitaivumilia. Ifute kwenye maelezo ya miwani, na mwenzako akishughulikia krimu ya jua, mwambie aifute na huko.