Wamenikataa kazi na sababu waliyotoa sio kweli, niwaandikie?

"Shangazi shikamoo. Nilifanya intavyu mbili za kazi ya uhasibu, ya pili na meneja mwenyewe, tukaelewana vizuri tu. Juzi ikaja imeili wamemchukua mwingine kwa sababu anaujua mfumo wanaotumia kwenye hesabu zao. Shangazi, huo mfumo nimeutumia miaka miwili ila sikuuandika kwenye sivii wala sikuulizwa! Nimeandaa barua ya kurasa mbili nimtumie mkurugenzi. Nitume?"

Marahaba mwanangu, na pole, najua imeuma. Hiyo barua usitume, na kwa mkurugenzi ndo kabisaa usithubutu. Aliyekuhoji ni meneja, ukimruka kichwa unamfanya aonekane hajui kuchagua watu, na huyo ndo alikuwa upande wako.

Ila sikwambii unyamaze. Wengi wanaokataliwa hawana cha kujibu, kapatikana mwenye sifa zaidi basi yameisha, lakini wewe umekataliwa kwa jambo ambalo ushahidi wake unao. Kumwambia mtu "naomba mnifikirie tena naitaka sana hii kazi" hakumsaidii hata kama anakuonea huruma, maana na yeye ana bosi wa kumjibu huko juu, sasa atamwambia nini? Mpe kitu cha kuonyesha.

Kwahiyo leo, kesho ikizidi sana, jibu imeili hiyo hiyo, mistari mitano sita inatosha. Shukuru kwanza. Halafu sema kosa ni lako hukuuandika huo mfumo (usije ukawaambia wao ndo hawakuuliza, hata kama ni kweli), eleza umeutumia wapi na kwa kazi gani, ambatanisha cheti au barua ya ulikofanya kazi. Malizia kwamba nafasi hii ikifunguka tena au ikitokea inayofanana, hata ya mkataba mfupi, upo tayari.

Sasa usitegemee wamtoe yule mwenzio, kama ameshasaini mkataba hawamgusi. Lakini watu wanakataa ofa dakika ya mwisho, wengine wanaondoka hata kipindi cha majaribio hakijaisha, na hapo hakuna meneja anayetamani kutangaza kazi upya na kuanza kusoma masivii ya watu mia, anamtafuta aliyekuwa wa pili. Hakikisha anakukumbuka kwa wema.

Wakikaa kimya wiki mbili hivi, ulizia mara moja tu halafu waache. Na tafadhali sana usimfuate meneja WhatsApp au kwenda kumlaikia picha zake za mwaka juzi, vijana mnanitisha na hizo mbinu zenu.

Wakati unasubiri endelea kuomba kwingine, ila irekebishe hiyo sivii kwanza, mfumo ukae juu kabisa wauone.