Kwenye gemu mi ni dada, sasa wanataka nifungue maiki

Anti shikamoo. Naandika kutoka Tanga, Ngamiani, jina langu usiliweke na la kwenye gemu pia usiliweke maana kuna wenzangu wanasoma huu ukurasa. Mi nimezaliwa mtoto wa kiume na nyumbani ndivyo wanavyonijua, nina miaka 22, ila tangu niko shule ya msingi najijua ni mwanamke, sijafundishwa na mtu. Sehemu pekee ninayoishi hivyo ni kwenye Free Fire, ile gemu ya simu ya kupigana risasi. Nacheza na mhusika wa kike, jina la kike, gildi nzima, yaani kundi letu la wachezaji, wananiita sista, na nikiitwa hivyo moyo unatulia yaani siwezi hata kueleza.

Sasa balaa limeanza. Kwanza wanataka tukicheza ranki wote tufungue maiki. Juzi nilibonyeza kwa bahati mbaya, mama akawa ananiita toka uani nikamkunie nazi, kaita jina langu la kiume lote na la baba juu, wakasikia, nikasema anaitwa kaka yangu. Pili kuna kaka wa Dar ananitumia daimondi, zile hela za humo kwenye gemu, na ameanza maneno ya mapenzi, anataka picha, na rafiki yangu mmoja anayejua siri yangu kasema nichukue picha ya msichana yeyote Instagram nimtumie yaishe. Tatu wanapanga tuonane uwanjani Mkwakwani siku Coastal wanacheza. Anti, mi ni muongo? Nihame gildi, niwaambie ukweli, au niache gemu?

Msomaji, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Hilo la uongo nalijibu kwanza maana naona ndo linakunyima usingizi. Hapana, siyo uongo. Mtu akiingia kwenye gemu anaangalia unacheza vipi, akidondoshwa unarudi kumnyanyua au unamkimbia, hajaja kukagua cheti cha kuzaliwa. Na wanaume kibao wanacheza na wahusika wa kike wala hawana habari na mambo haya, mwingine kapenda nguo, mwingine anataka tu mbio za yule mhusika Kelly, na hakuna anayewaita waongo. Iweje wewe uliyeweka pale kitu cha kweli kuliko wao ndo uitwe hivyo?

Halafu usidhani umeanza wewe. Rebecca Heineman alishinda mashindano ya Space Invaders ya Marekani nzima mwaka 1980 watu wakimjua kama mvulana, akaja kuwa mtengeneza gemu mkubwa, na baadaye akaishi wazi kama mwanamke. Sasha Hostyn wa Kanada, wenyewe wanamjua kwa jina la Scarlett, naye ni mwanamke transjenda, yaani kama wewe alizaliwa akahesabiwa mvulana, mwaka 2018 alibeba kombe la StarCraft II kule PyeongChang, tena mbele ya Wakorea ambao gemu hiyo ni kama ya kwao. Watengenezaji nao wameshaona, The Sims 4 tangu 2016 unamvalisha mtu wako nguo yoyote na sauti yoyote bila kuulizwa ni wa kike au wa kiume. Najua, huko ni huko, hapa Tanga mtu akipiga chafya Barabara ya 8 Barabara ya 15 wanamwambia pole. Ndo maana mengine nitakayokwambia ni ya kujilinda tu, siyo kwamba una kosa.

Ila kwenye picha nakukatalia kabisa. Mhusika wa gemu ni wako, umemchagua wewe, lakini yule msichana wa Instagram ana jina lake na mama yake na pengine ana mchumba, na siku picha yake ikianza kuzunguka Dar kwenye simu za watu na maneno ya mapenzi chini yake atakayeaibika ni yeye asiyejua chochote. Hapo ndo uongo unapoanzia. Na usisahau kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kujifanya mtu mwingine mtandaoni imo humo ndani. Huyo rafiki yako anakupenda sawa ila ushauri wake mbovu.

Haya, kaka wa Dar. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Hana haki ya kukudai maelezo ya mwili wako, hata dada yeyote hadaiwi na mwanaume wa kwenye gemu maelezo ya mwili wake. Lakini daimondi zinanunuliwa kwa hela, na yeye anazituma ana matumaini, na wewe unajua matumaini yenyewe hayaendi popote. Mwambie leo: asante, mi sitafuti mtu, usinitumie tena. Basi. Usiongeze sababu, na siri yako usimwandikie hata akikulilia, maana ujumbe ukishatoka ni skrinishoti. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu vitendo vya kimwili, ile wanayoita kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni nzito mno, jina la kwenye gemu halimo, ila anayetaka kukutisha ili umpe hela hatakusomea kifungu, atakutisha tu. Akifika huko usilipe hata mia, akipata ya kwanza atarudi kwa ya pili. Hifadhi ushahidi, mbloku, na mwambie huyo rafiki yako mmoja ili usibaki nalo peke yako.

Maiki wala isikutese. Wadada wengi wanaofahamika ni wadada toka kuzaliwa hawafungui maiki, wakifungua tu wanaambiwa rudi jikoni au wanaombwa namba, kwa hiyo ukisema mi siongei na watu nisiowajua hakuna atakayeshangaa. Tumia alama za ramani na zile meseji fupi, wapo wanaocheza hivyo hivyo na ranki wanapanda. Zima ruhusa ya maiki huko huko kwenye mipangilio ya simu, siyo kwenye gemu tu, ili hata kidole kikiteleza mama aite mpaka achoke. Programu za kubadilisha sauti zipo, mi sizipendi sana maana nyingi zinatoa sauti ya katuni na utaishia kuchekwa, ukitaka sauti yako mwenyewe ilainike ni mazoezi ya taratibu, na kwenye nyumba ya kupanga iliyojaa watu sijui utafanyia wapi labda ufukweni Raskazone.

Kitu ambacho hujaniuliza na mi ndo kinanitisha zaidi ya maiki ni pesa ya simu. Gildi wakichangishana kiingilio cha mashindano, ukituma tu jina la usajili linatokea kwa mpokeaji, lile lile la NIDA. Yote uliyoficha yameondoka na elfu mbili. Mchango wako apeleke huyo rafiki, au kaa pembeni. Grupu la WhatsApp la gildi pia namba yako inaonekana, usiingie na namba ambayo mtaani wanayo. Na kama akaunti umefungulia Facebook, angalia marafiki zako wa Facebook wanaocheza wasije wakakuona humo.

Mkwakwani nenda, kaangalie Coastal. Gildi waambie una udhuru. Sura yako hawaijui, utakaa zako jukwaani unakula karanga na hawatakujua, ila usijisahau ukaanza kuchekea utani wao.

Gildi usihame na gemu usiache. Kama kuna mmoja humo unamwamini kweli kweli na umemjua kwa muda, huyo siku moja unaweza kumwambia, kwa mdomo, siyo gildi nzima.

Anti, mwanangu wa kiume ana miaka 15, nimemkuta anacheza gemu na msichana kamvalisha gauni. Jirani anasema gemu zinageuza watoto. Nimnyang'anye simu?

Mama, Magomeni, Bagamoyo

Mama mwenzangu, pole kwa presha ya jirani. Wavulana wengi wanachagua msichana kwenye gemu na haina maana yoyote, na kama kwake ina maana, haikutoka kwenye simu. Nikupe na hii: Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022, suala la mtu kujiona wa jinsia nyingine lilitolewa kwenye magonjwa ya akili, na kwenye orodha hiyo hiyo wakaingiza ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto siyo gauni, ni analala saa ngapi. Saa tatu usiku simu iwe chumbani kwako na chaja yake. Akitaka kukuambia kitu kingine atakuambia mkiwa mnakula, usipomzonga, na jirani asiwepo.