Kufuatilia mikupuo ya alizeti kiwandani

Ndugu yangu wa Kibaigwa, umeuliza programu itakusaidiaje kujua alizeti ya mkulima yupi imetoa mafuta yapi, maana daftari limekushinda. Anza kwenye mizani: kila mzigo ukiingia upewe namba, na namba hiyo iufuate hadi kwenye madumu. Kwa kila mkupuo, yaani mbegu zinazokamuliwa kwa pamoja, ingiza kilo za mbegu, za mafuta na za mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua). Hapo ndipo penye faida kubwa. Mafuta na mashudu yakijumlishwa yakapungua mno kuliko mbegu, kagua unyevu, uchafu, au mkono wa mtu. Ratiba ifuate uwezo wa matangi ya kuchujia, si kasi ya mashine ya kukamua. Programu mojawapo ya kufanyia haya ni ERPNext; ni huria na ina sehemu ya uzalishaji. Ila tafadhali, mwendesha mashine ndiye aingize takwimu, palepale, siyo karani jioni.