Re: Group letu la muziki na muvi limedoda, nyie wa zamani mlifanyaje?

Mkuu mleta mada, umesema mko mwaka wa kwanza, mmefungua group la WhatsApp la kupeana miziki na muvi kali, kila mtu anatupia linki na hakuna anayefungua hata moja. Ukauliza sisi wa enzi za flashi tulikuwa tunafanyaje. Leo niko na nafasi, nitajibu kwa urefu, mniwie radhi.

Kwanza tusidanganyane, enzi zetu nazo zilikuwa na takataka nyingi tu. Nilikaa Mabibo Hostel, hosteli ya Chuo Kikuu cha Dar, kipindi ambacho tamthilia ya Prison Break ilikuwa kama somo la lazima. Mtu akirudi likizo na eksteno (hadidiski ya kubeba) iliyoshiba, bloku nzima inapanga foleni na flashi mkononi. Unakopi mpaka flashi inagoma, unarudi rumu, unafungua folda mbili tatu, basi. Zilizobaki zinalala humo mpaka siku kirusi kikizigeuza zote shotikati, na hulii, kwa sababu hata hujui ulikuwa na nini. Kwa hiyo hilo tatizo la group lako halikuanza na WhatsApp. Mtu anayemwaga vitu mia kwa mpigo hajampa mtu yeyote chochote.

Rumu kwetu kilichosaidia ni kwamba aliyeleta kitu alilazimika kukaa nacho. Kompyuta ilikuwa moja, ya mezani, ya jamaa wa uhandisi, na watu tulikuwa wengi kuliko vitanda maana tulikuwa tunabebana, wasio na rumu wanalala kwa walionayo. Ukitaka tuangalie muvi yako, unakaa hapo mpaka mwisho, unajibu maswali, na ikiboa unatukanwa wewe, siyo dairekta. Hiyo peke yake ilichuja sana. Mtu kabla hajaleta kitu anajiuliza: hawa jamaa ninaowajua, na njaa zao na usingizi wao, watakipenda?

Mfano wa kwanza ni Mgogo wetu. Huyu alikuwa na kanda ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, anaipiga asubuhi akipiga pasi. Tukamcheka. Sisi ngoma za Wagogo tulizijua za kwenye mapokezi ya viongozi pale uwanja wa ndege, dakika chache, mgeni anapiga makofi, anaingia kwenye gari. Jamaa hakubishana. Alisubiri siku umeme umekatika, kompyuta imezima, hakuna pa kwenda, akachomeka betri kwenye redio yake akasema: "Achaneni na sauti kwanza. Sikilizeni vidole gumba tu." Tukasikiliza vidole gumba. Ilimba, ala ya Wagogo anayopiga Zawose kwa vidole gumba, ina vyuma vingi vilivyopangwa juu ya kisanduku, na ule mkwaruzo unaousikia nyuma ya kila noti haujatokana na ubovu wa kanda. Unatoka kwenye utando wa buibui uliozibia tundu la kisanduku, umewekwa makusudi. Ukishausikia mara moja hautoki tena kichwani. Upande wa kwanza ulipoisha, jamaa wa uhandisi, aliyekuwa mbishi kuliko wote, ndiye aliyenyoosha mkono kuigeuza.

Angalia alichofanya huyo bwana. Hakusema "ni kali sana", maneno ambayo kila mtu anayasema kwa kila kitu. Alituonyesha pa kuweka sikio. Hilo la vidole gumba limenisaidia kuwaingiza watu kwenye muziki ambao wasingeugusa.

Kutoka hapo mambo yakafunguka yenyewe. Kwenye karatasi ya kanda kulikuwa na nembo ya Real World, kampuni ya kutoa muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Mwingine akakumbuka nembo hiyohiyo kwenye CD ya Remmy Ongala aliyoiona kwa kaka yake, Songs for the Poor Man ya 1989. Sasa hapa wa Dar mtanielewa. Sisi tulikuwa tunapita Sinza kwa Remmy kwa daladala, konda anaita "kwa Remmy, kwa Remmy wa kushuka," na wengine tulidhani ni jina la baa. Kumbe ni mtu, na wakati ule alikuwa bado hai, ameshaokoka anaimba Injili. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy, baadaye ndiyo ikaja Super Matimila aliyoifanya maarufu. Alifariki Desemba 2010, na mimi nilisikitika kuliko ningesikitika kama kituo kingebaki kuwa kituo tu.

Kwa Remmy tukarudi nyuma zaidi mpaka kwa Mbaraka Mwinshehe. Hapo ndipo nilipompigia mzee wangu simu kumwambia nimegundua mpiga gitaa mmoja balaa, anaitwa Mbaraka. Mzee alicheka mpaka salio langu likakata. Aliponipigia mwenyewe alinieleza kuhusu Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka, kwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970, na jinsi taarifa ya ajali ya gari ya Mombasa iliyomuua Mbaraka ilivyoingia Januari 1979. Alizungumza nami kuhusu muziki kuliko alivyowahi kuzungumza nami kuhusu kitu chochote. Kwa hiyo msijifungie kwenye group la rika moja. Mwekeni na mzee mmoja humo, hata kama atatuma "habari za asubuhi" na picha za maua.

Upande wa muvi, bingwa wetu alikuwa dada mmoja wa Sanaa za Maonyesho. Siku moja alileta filamu ya Kiirani, Children of Heaven ya Majid Majidi, ya mwaka 1997. Kuisikia tu Iran watu wakaanza kuvaa ndala watoke. Dada akasema neno moja: "Ni ya mtoto aliyepoteza viatu vya dada yake, na nyumbani hawana hela." Watu wakarudi kukaa.

Sabutaito ilikuwa imechelewa, midomo imeshafunga ndiyo maneno yanakuja. Jamaa wa uhandisi akawa anabonyeza G na H kwenye VLC mpaka ikakaa sawa (hiyo ishikeni, bado inafanya kazi). Tatizo la pili, rumu kulikuwa na mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea video mtaani), muvi zote anazijua kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi kwa Kiswahili, na kusoma sabutaito za Kiingereza kwake ilikuwa mateso. Basi mmoja wetu akajipa kazi ya kumtafsiria papo hapo. Kiajemi kwenye spika, Kiingereza kwenye skrini, Kiswahili pembeni ya kitanda, chenye chumvi nyingi. Baba wa yule mtoto akapewa lafudhi ya Kisukuma. Sijui kwa nini, lakini ilimkaa.

Kwenye hadithi, kaka na dada wanavaa raba moja kwa zamu. Binti anasoma asubuhi, anakimbia kutoka shule, wanabadilishana uchochoroni, kaka naye anakimbilia zamu ya mchana. Sisi tuliosoma shule za msingi za Dar kwa zamu asubuhi na mchana hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia. Halafu yanakuja mashindano ya mbio, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Wa tatu! Dogo hatakiwi kushinda, anatakiwa awe wa tatu. Rumu nzima ilisimama inapiga kelele "punguza, punguza dogo!" mpaka watu wa rumu za jirani wakaja kuuliza mpira gani unachezwa. Mwisho sisemi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, lakini sisi hilo tulilijua baadaye, na wala lisingetushawishi.

Baada ya pale dada akawa na mtaji. Akisema kaeni, tunakaa. Mtaji huo akautumia kwenye Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, 1973, vijana wawili wa Dakar wanaotaka kwenda Paris, wana pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele. Haikwenda. Nusu saa tu watu wamesinzia, wengine wameaga wanaenda kutafuta desa (notsi za kusomea). Hakujitetea, akacheka nasi. Lakini ule wimbo wa Josephine Baker unaojirudia humo, "Paris, Paris", uligoma kutoka rumu. Kila aliyeanza ndoto za kwenda majuu alikuwa anaimbiwa. Na mimi nimekuja kuirudia filamu ile ukubwani, nikaipenda kuliko ile ya raba. Kuna vitu mtu anakupa leo, unavipokea miaka kumi mbele, na aliyekupa inabidi awe na roho ya kuvumilia.

Sasa nyie na simu zenu. Ushauri wangu futeni hizo linki zote. Wiki moja awe na zamu mtu mmoja, alete kitu kimoja, na asilete linki peke yake. Arekodi voisi ya dakika moja aseme tusikilize au tuangalie wapi, na amtaje mtu: "Hii nimemletea fulani kwa sababu hii." Aliyetajwa lazima arudi kusema ukweli, hata kama ni "nimelala". Kama mnaweza kukusanyika rumu moja, hata mkiangalia kwenye simu iliyoegeshwa kwenye kikombe, ni bora kuliko kila mtu kivyake na bando lake. Na lile la "orodha ya filamu 50 lazima uzione kabla hujafa" mpigeni marufuku yeyote atakayelileta, hata kama ni admini.

Kwa zamu ya kwanza chukua hiyo ya Majidi. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka nunueni na karanga. Dada wa Sanaa kama unapita humu, ile DVD yako ninayo mimi.