Shangazi, mume wangu anajali ndege kuliko mimi

Barua ya leo imetoka Ilazo, hapa hapa Dodoma. Nimeifupisha, maneno ni yake mwenyewe:

"Shangazi shikamoo. Tumeoana miaka 14, tuna watoto watatu, tulihamia huku kutoka Dar mwaka 2019 mume wangu alipohamishwa na wizara. Tangu mwaka jana ameanza tabia ya kulisha ndege. Kila asubuhi kabla ya kazi anawamwagia uwele chini ya mwarobaini na kuwajazia maji kwenye beseni, hadi jiwe ameweka katikati ili wale wadogo wapate pa kusimama. Jumamosi anakaa hapo na kiti chake mpaka jua linakuwa kali. Uwele wa elfu tatu kila wiki! Majirani wanasema kuna kitu anafuga. Nilimrekodi akiwaita kwa mluzi, nikatuma kwenye kundi letu la kikoba, tukacheka. Video ikafika mpaka kazini kwake. Tangu hapo haongei. Kwa hasira nikatupa beseni, nikamwambia achague, mimi au ndege. Sasa nalala na watoto. Mama mkwe yupo hapa tangu wiki iliyopita, Jumapili anarudi Mpwapwa. Yeye amekua akifukuza ndege shambani, nilijua ataniunga mkono, lakini ananiangalia tu. Mimi nina duka la vitenge Majengo, nafunga saa mbili usiku, nikirudi nimechoka na sina hata wa kuongea naye. Nifanyeje? Mke Aliyechoka."

Marahaba, mwanangu. Kusimama dukani kutwa nzima si mchezo, na kurudi usiku kwenye nyumba iliyonuna kunaumiza. Pole sana. Pole yangu inaishia hapo, maana kila nikirudia barua yako anayenitia huruma ni baba watoto.

Uwele umeuandikia kwa kirefu, ile video umeipitia juu juu kama mtu anayeruka dimbwi. Haya, turudi kwenye dimbwi. Mtu mzima, mtumishi, ana vijana anaowaongoza, anapita koridoni na kila akigeuka anajua wameshamwona akiwapigia ndege mluzi uani kwake. Nani kampeleka huko? Umechukua jambo analolifanya nyumbani kwake, amevaa bukta na kandambili, akiamini kwamba yupo mahali salama, ukawapa wanawake wa kikoba walichekee. Wangapi kati yao unawajua mpaka kwao? Angekurekodi wewe umesinzia juu ya daftari la duka, mdomo wazi, akawatumia wenzake wa ofisini, leo ungekuwa umeshaita wazee wa pande zote mbili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hukumu yangu ni hiyo: mwenye kosa katika barua hii ni wewe, na ndege hawakuanza ugomvi huu.

Sasa hebu nikuulize kuhusu lile jiwe. Ulijuaje ni kwa ajili ya wale wadogo? Mwanamke aliyechoshwa na kitu hakichunguzi hivyo. Wewe umesimama dirishani ukamwangalia mumeo akiliweka, ukaelewa kwa nini analiweka, na nadhani moyo ulikuuma kwa sababu mkono ule ule mpole hujauona upande wako siku nyingi. Unaionea wivu ile nusu saa yake ya asubuhi. Hilo lingekuwa dai la haki kama ungelisema hivyo. Lakini mwisho kabisa, kama kitu kidogo, unataja kwamba unafunga duka saa mbili usiku. Ukipata bajaji, ukala, ukaoga, ni saa nne. Huyo baba jioni nzima yupo na nani? Nani anasimamia madaftari ya watoto? Hukuandika kwamba analewa, hukuandika kwamba halali nyumbani, ada hukuitaja kabisa, na najua ingekuwa haijalipwa ingekuwa mstari wa kwanza. Elfu tatu kwa wiki haimfikishi mtu kwenye chupa ya pili ya bia.

Mama mkwe nimemwelewa kuliko nilivyokuelewa wewe. Ulitegemea akuunge mkono kwa sababu alilelewa juu ya dungu na kombeo mkononi, uwele ukianza kutia maziwa mpaka siku ya kuvuna, alfajiri hadi magharibi. Ni kweli, watu wa huku wana kisa na ndege. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Likishuka kundi la milioni moja, tani 10 zimekwenda kabla jua halijazama, na ndiyo maana serikali hutuma ndege za kunyunyizia sumu. Lakini mtu aliyelinda shamba tangu utotoni hawezi kuchanganya jeshi lile na tetere wawili, shomoro na kwenzi wanaookota punje chini ya mwarobaini wa Ilazo. Anachokiangalia mkweo ni mwanawe anakula peke yake na mkewe analala chumba cha watoto. Ameona, amenyamaza, hajapiga simu kwa ukoo. Mama wa namna hiyo mshukuru Mungu, wenzako wana wakwe wanaofika na hukumu mkobani.

Hao majirani wa "kuna kitu anafuga" sina neno nao. Anayefuga majini hafanyi kazi yake saa kumi na mbili asubuhi mbele ya geti.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa mmoja: mtu akipenda kitu kisichoingiza hela, tunamwona ana kasoro. Zamani wanawake wa Kigogo walibana ngoma mapajani wakapiga muheme mpaka vumbi likatimka, na hakuna aliyewauliza faida yake ni shilingi ngapi. Leo mke akienda mazoezi ya kwaya anaitwa mzururaji, mume akikaa na ndege anaitwa mchawi. Halafu mnashangaa mtu amebaki na baa na simu tu. Mji huu umejaa watu walioletwa na kazi tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016. Ndugu, marafiki na vijiwe wameviacha Dar. Wikiendi ni ndefu mno kwao. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, barua ninazopata ni za wake ambao waume zao wanapanda Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu wakinukia sabuni ya nyumba nyingine. Wewe wa kwako ukimtafuta Jumamosi yupo hatua kumi kutoka jikoni.

Duka usifunge, tena sitaki mtu aje kuniambia Shangazi kasema ufunge. Ila Jumamosi fungua saa nne. Beba kikombe chako cha chai, vuta kigoda, kaa naye chini ya ule mti. Usimhoji, muulize yule mwenye bluu anaitwaje.

Beseni nunua jingine wewe mwenyewe, kwa hela ya duka. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ya huku ni kama hakuna, na ndege wa mjini wanahangaikia maji kuliko punje. Lioshwe na kubadilishwa maji kila siku. Kama mna kuku, liwe mbali na banda kwa sababu ya kideri. Uwele awape wa kuisha asubuhi ile ile, ukilala nje utawaletea panya.

Na ile video: usianze kwa kumwomba yeye radhi chumbani kwa sauti ya chini. Ulimdhalilisha mbele ya kundi, basi rudi kwenye kundi lile lile, andika kwamba ulikosea kumrekodi mumeo, na waombe walioihifadhi waifute. Kisha mwonyeshe ulichoandika. Usiku huo huo hamisha mto wako kutoka kwa watoto. Yote haya yafanyike kabla ya Jumapili, mama mkwe akiwa bado hajapanda basi la Mpwapwa.